Mwenyekiti Ndiye Anayejibu

Annastella aliutua mguu wa dawati juu ya meza, katikati ya mafaili, na chai ya Privatus ikamwagika.

"Dada, hii ni ofisi, si karakana."

"Ndiyo maana nimekuletea. Ujue mbao mbichi inafananaje."

Privatus alikuwa afisa manunuzi wa mradi wa madawati ya shule za Muleba. Sehemu ya kazi ilitengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Yeye ndiye aliyepokea maombi, na yeye ndiye aliyesema nani ana vigezo na nani hana. Usipokuwa na vigezo, hata uwe fundi wa namna gani, unarudi nyumbani na randa yako.

Annastella, fundi seremala wa Rwamishenye, Bukoba, alikuwa amerudi nyumbani mara mbili.

"Mkaratusi uliokatwa juzi," alisema. "Dawati limevunjika wiki ya pili, mtoto wa darasa la tatu ameteguka bega. Hiyo ndiyo kazi ya Nuru ya Akina Mama, wenye vigezo vyako."

"Pole kwa mtoto."

"Pole yako haikaliwi darasani."

Privatus alifuta chai kwa barua ya mtu. "Tatizo lako ni mdomo. Mara ya kwanza mlikuja kama vijana, wawili kati yenu wamepita umri."

"Na mara ya pili tulikuja kama wanawake. Au napo tulipita umri? Ukasema hatujui kuandika muhtasari wa kikao, tusaini karatasi tupu sote sita, utajaza mwenyewe kwa lugha ya ofisi. Tukasaini. Ukataka kopi ya kitambulisho changu na picha. Niliazima blauzi ya kijani ya mdogo wangu Esther, haina hata kifungo cha juu, mpiga picha akanicheka. Baada ya yote hayo, mkatukataa."

"Yalikwama juu."

"Juu wapi, darini?"

Annastella aliketi bila kukaribishwa. Wenzake watano walikuwa wamemwambia asirudi mikono mitupu. Mwenye karakana alishatafuta mpangaji mwingine, na bila tenda hii mashine zingetolewa nje mwisho wa mwezi.

"Jumatatu nilikwenda kwa hao Nuru," alisema. "Nikakuta wanaume wanne na msumeno, na Mugisha mwenye lori amekalia kiti. Nikauliza akina mama wako wapi. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mugisha akaniambia mwenyekiti wao yupo, ila hapendi kuonekana."

"Yupo," alisema Privatus. "Tena karatasi zake zimenyooka kuliko za wengi. Mwanamke, seremala, mkazi wa Bukoba. Unataka nini zaidi?"

"Namtaka yeye. Mugisha ni mwizi, wanaume wezi nimewazoea. Lakini mwanamke anayekodisha jina lake ili wanawake wenzake wakose kazi, huyo simsamehe."

Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaisukuma mezani. Ilikuwa nakala ya barua, na juu yake muhuri wa polisi.

Privatus aliisoma. Akairudia tangu mwanzo. Kikombe alichokuwa amekiinua kikabaki hewani.

"Umeomba akamatwe mwenyekiti."

"Wewe ulitufundisha kwenye semina. Kikundi kikikosea, mwenyekiti ndiye anayejibu."

"Hujaandika jina."

"Silijui. Ubaoni mmebandika majina ya vikundi tu. Nimeandika cheo, kinatosha. Wao watalitafuta jina kwenye usajili."

"Lini umeipeleka?"

"Siku tatu sasa."

Privatus aliinuka, akafunga dirisha, akarudi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikiliza, waitu, ndugu yangu. Nenda kaiondoe. Mwezi ujao kuna makabati ya walimu. Nitawaingiza ninyi, mimi mwenyewe."

"Mbona unatoka jasho? Ni mkeo?"

Privatus alijifuta paji la uso kwa mkono wa shati.

"Ni mkeo, Privatus. Unalala na mwenyekiti."

"Iondoe, nakuomba. Kwa faida yako."

"Kwa faida yangu!" Annastella aliupiga ule mguu wa dawati kwa kiganja. "Hata angekuwa dada yangu, tumbo moja, titi moja, ningeisaini tena. Nataka nimwone anapandishwa gari mchana, watu wa sokoni wakitazama."

Mlango ukagongwa. Sajini Twaibu aliingia na faili kwapani, nyuma yake askari wa kike. Privatus alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

Annastella alisimama. "Afande, mmempata?"

"Tumepata jina kwenye usajili. Tukamfuata kwake Rwamishenye. Wakatuambia amepanda basi la asubuhi, kaja huku Muleba, kwenye ofisi hii."

"Rwamishenye?" Alimgeukia Privatus. "Kumbe ni jirani yangu. Labda hata randa ameniazima."

Twaibu alifungua faili. Alitazama ndani, akainua macho, akatazama tena.

"Nani kati yenu aliyeandika barua?"

"Mimi. Nionyeshe sura yake, afande, nikutambulishie."

Askari wa kike alikuwa ameshachomoa pingu. Annastella alimpisha apite, akainama juu ya faili apate kuwa wa kwanza kumtukana. Mwanamke wa pichani alikuwa amekaza uso, na blauzi yake ya kijani haikuwa na kifungo cha juu.