Kipanya cha Ziyad

Samia alitia komeo mlango wa chumba cha kuchapia, akakunja mikono ya gauni hadi viwikoni. Saa nne na nusu. Kule Muscat ilikuwa tano na nusu; adhuhuri ya huko haingoji ya Bagamoyo.

Alichomoa waya wa kipanya kwenye kompyuta. Akachovya pamba kwenye maji ya vuguvugu, akaikamua, akaanza upande wa kulia. Mara moja, mbili, tatu. Kisha kushoto.

Pamba ilitoka nyeusi. Ziyad alikuwa akicheka, "Humu mna vumbi la Fukayosi na Miono, mke wangu. Kila ninayemchapia barua huniachia lake." Miaka sita aliwachapia watu kwenye meza hii, mpaka moyo ulipoanza kumsumbua, ndugu zake wakampeleka Muscat kwa matibabu. Pasipoti ya Samia ilichelewa.

Asubuhi ya safari, mumewe alimpa kazi moja.

"Usiwaachie wengine," alimwambia, akijaribu kucheka. "Wana mikono mizito. Wako mwepesi."

"Nitaifanya mwenyewe."

Sasa mkono huo mwepesi ulirudi kwenye kipanya. Alitoa uchafu kwenye kigurudumu kwa kijiti cha pamba. Ubavuni mwa kipanya kulikuwa na alama ya dole gumba, imeng'aa kwa jasho la miaka. Alisita. Akaipitisha pamba juu yake, polepole, kana kwamba ingeuma.

Simu iliita. Alikuwa Humoud, shemeji yake.

"Shemeji, ndiyo tunatoka naye hospitali."

"Msiharakishe. Nipeni nusu saa."

"Nusu saa ya nini?"

"Sijamaliza."

"Haya, shemeji," alisema Humoud, akakata.

Samia aliigeuza kibodi, akaigonga mgongoni. Yakadondoka makombo ya visheti, vile alivyomkataza Ziyad kula mezani. Akafuta herufi moja moja. A ilikuwa imefutika zamani. Akaifuta nayo mara tatu. Alipofika kwenye spika pamba ilimwishia, akachana ncha ya kanga yake.

"Samia." Alikuwa jirani yake, Zaina, nje ya mlango. "Ukumbi umejaa. Wengine wametoka Mkange kwa ajili yako, na wewe umejifungia unasugua?"

"Waambie nakuja."

"Umeshasema hivyo mara mbili, shoga yangu."

"Basi waambie mara ya tatu."

Ndala za Zaina zilisikika zikiondoka. Samia aliitazama saa. Saa tano na dakika tano. Mezani alitandika vitambaa vyeupe vitatu, kimoja juu ya kingine, akavinyoosha mikunjo kwa kiganja. Kipanya kilikuwa kikavu, safi kuliko siku kilipotoka dukani. Hakuridhika. Alikinusa. Bado kulikuwa na harufu ya mkono wa Ziyad, au alitaka tu iwepo.

Mlango uligongwa tena, safari hii taratibu. Alimtambua mama mkwe wake kwa kikohozi.

"Fungua, mwanangu," alisema Bi Khairiya. "Nimekuletea nguo za eda."

Samia alibadilisha maji kwa mara ya mwisho, akapondea kafuri ndani yake, akakichukua kipanya kwa mikono miwili, amwoshe mumewe hapa, kama alivyomwahidi.