Kinyonga wa Bi Mwanaheri

Mwalimu Ngwatu alipostaafu alinunua kamera, akazunguka mbuga nne akimtafuta chui. Alirudi na picha mia tatu, nyingi za swala waliokwishampa kisogo. Siku aliyorejea, kabla hata hajavua viatu, aliona kinyonga wa kijani juu ya mwasumini wa jirani yake, Bi Mwanaheri. Wawili hao walikuwa hawajasalimiana miaka miwili, tangu mbuzi wa Bi Mwanaheri alipokula karatasi za mtihani za darasa zima.

Mwalimu akapenya chini ya wigo kwa tumbo. Alipofika kwenye mwasumini, kinyonga hayupo. Mbele yake ilisimama miguu miwili na ufagio.

"Mwalimu mzima unachungulia uani kwa watu!"

Akainua kichwa taratibu. "Bi Mwanaheri, nakusihi usitikisike. Yuko begani kwako."

"Nani?"

"Kinyonga."

Ufagio ukamponyoka. "Mtoe!" alinong'ona. "Mtoe haraka!"

"Nitamtoa. Picha moja tu, jirani."

Siku nyingi Bi Mwanaheri hakuwa ameitwa jirani na mtu huyu.

"Naonekanaje?"

"Vizuri sana."

"Muongo. Kanga imekaa upande."

Akaivuta kwa vidole viwili. Kinyonga akapanda hatua moja kuelekea shingoni. Bi Mwanaheri akafumba macho, akatabasamu kwa meno yote. Kinyonga alimkazia jicho moja, na kwa jicho la pili akamtazama mwalimu, aliyelala kifudifudi katikati ya mchicha, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kamera.