Sahani ya Fundi Mfaume

Kitendawili, wajukuu zangu! Ana jicho moja, hapepesi, na analoliona leo hulisimulia mwakani. Mmeshindwa? Nipeni mji. Magindu? Haya, nimeupokea. Ni mashine ya sinema.

Zamani za Mwingereza, mkalimani wa bomani alikuja Kisarawe kupanga picha ya Mzee Mfaume, fundi wa kirumbizi, ule mchezo wa kupigana kwa fimbo.

“Mashine itakaa hapa, Mzee. Utapiga na kukinga polepole. Vijana wako wasimame nyuma, nyuso zote zionekane.”

“Polepole kama kobe!” Mfaume alicheka, kisha akaacha. “Watakaotazama ni akina nani?”

Mkalimani akaangalia viatu vyake. “Picha itakuwa fupi tu, Mzee.”

Mfaume hakuuliza tena. Aliagiza ugali wa muhogo na kisamvu.

“Karibu, mwanangu. Kwetu hapa, aliyekula sahani ya fundi hamnyanyulii fimbo, wala hamletei mwenye fimbo. Kula.”

Mkalimani alinawa, akamega tonge, akachovya. Alilibinya mpaka likabaki na alama za vidole vyake, na mchuzi ukachuruzika hadi kwenye shati lake jeupe. Tonge halikwenda mdomoni.

“Linapoa,” alisema Mfaume.

Mkalimani akaliweka kando ya sahani.

“Askari, Mzee,” alisema kwa sauti ndogo. “Watatazama askari, wajue mnavyokinga kabla ya kuja kuwakamata vijana hawa.”