Maneno ya Askari

Inshirah aliacha kuchambua mlenda. Kwenye televisheni, katika tamthilia ya zamani iliyokuwa ikirudiwa mchana ule, askari aliyefungwa bendeji kichwani alikuwa akimwambia mchumba wake:

"Jangwa lote hili halina kivuli. Mimi kivuli changu ni jina lako."

"Baba Hany! Hayo si maneno yako?"

Shawqi, mumewe, alishusha gazeti. Akasikiliza, kisha akavimba kama mkate tanurini.

"Yangu hasa! Nilikuandikia kutoka jeshini, kule Sinai. Nimeibiwa mchana kweupe!"

Barua ile Inshirah aliijua yote kwa moyo. Kwa ajili yake alimkataa mwenye duka la vitambaa, akamngoja Shawqi miaka mitatu, akaishi naye arobaini na tisa, ya shibe na ya njaa. Kila walipogombana aliyakumbuka maneno yale, na hasira ikashuka yenyewe.

"Nani mwingine aliyajua?" Shawqi aliuliza.

Mmoja tu. Rawhiya, binti wa jirani, ndiye aliyemsomea, maana Inshirah hakutiwa shule. Miaka ilipopita Rawhiya alihamia Kairo, akawa mtunzi wa tamthilia.

"Mpigie simu!" Shawqi alifoka. "Mwambie mapenzi ya watu si mtaji wake."

Inshirah alipiga.

"Rawhiya, mwizi we! Nilikuita dada. Nikakupa siri yangu, ukaianika kwa nchi nzima!"

Inshirah akahamishia simu sikio la pili.

"Sema basi! Au ulimi umeuuza nao?"

"Shawqi yupo hapo?" Rawhiya aliuliza taratibu.

"Yupo. Anangoja umtake radhi."

"Yeye anasemaje?"

"Atasemaje? Maneno yake, ameyaandika kwa mkono wake!"

"Amesema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Na miaka yote hii amekuwa akisema hivyo."

Rawhiya alishusha pumzi ndefu.

"Inshirah, ndugu yangu. Barua ile ilikuwa na mistari miwili. Alikuwa anaomba soksi. Nawe ulikuwa umekaa mbele yangu, umepaka wanja kwa ajili ya kusikiliza barua. Ningekusomea soksi?"