Sahihi ya Kumi

Paliondokea Kakakuona mwenye haya, ambaye akisalimiwa tu hujikunja kama mpira. Hata hivyo aliutaka udiwani wa kata yao, na sheria ilimtaka kila mgombea apeleke sahihi za wadhamini kumi kabla ya saa kumi jioni. Alipata tisa. Jirani pekee aliyebaki alikuwa mpinzani wake, Kanga msemaji, ambaye fomu yake ilikwisha kupokelewa. Kakakuona akapiga hodi.

"Bwana Kanga, nakuomba unidhamini."

Kanga alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi tena? Haya, ukishinda utatufanyia nini?"

Kakakuona akajikunja, akajibu kutoka humo humo ndani: "Nitafukua kisima chetu kilichofukiwa. Nimeshaanza, bado kidogo tu nifike majini."

Kanga alikuwa akihutubia habari za kisima hicho kwa miaka mitatu. Akayatazama makucha ya jirani yake, akaona yamevunjika yote. Akatia sahihi, kisha wakaongozana hadi kwa Korongo, msimamizi wa uchaguzi.

"Naomba unirudishie fomu yangu," alisema Kanga.

"Kwani ulikosea kuijaza?"

"Kuijaza sikukosea, Bwana Korongo. Nilikosea kuichukua."