Tausi na Kiwanja cha Majivu

Tausi dume, msimamizi wa tenisi ya wanyama, aliwapangia majike wote kucheza saa sita mchana, jua la utosi, kwenye kiwanja cha nyuma.

"Watazamaji huja kutuona sisi madume," alisema. "Nyinyi kazi yenu ni kutupashia uwanja moto."

"Basi tutapasha wa kwetu," alijibu Swala, bingwa wa majike.

Wakaondoka wote, wakafyeka pori, wakachora mistari kwa majivu.

Siku ya fainali, Tausi alitandaza mkia mbele ya viti vitupu. Kobe peke yake ndiye aliyeonekana akikokota miguu.

"Angalau wewe umekuja kututazama," Tausi alimwambia.

"Hapana, bwana. Naenda kwa akina Swala. Niliondoka pamoja na wenzangu, ila mwendo wangu ndio huu."