Jina Lililopenya Tunduni

"Mtoto ataandikwa kwa ukoo gani?" karani akauliza.

"Wa baba yake," mama mkwe akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Wangu," nikasema. "Esposito."

Mama mkwe akacheka kwa pua. "Napoli nzima inajua hilo ni jina la watoto wa kutupwa. Kwani mjukuu wangu umemwokota?"

Kejeli hiyo nimeimeza tangu shuleni. Safari hii nikaijibu.

"Ni kweli, mama. Babu wa babu yangu aliachwa kwa masista, kwenye tundu la ukutani walimopitishiwa watoto wa kutupwa. Alikuwa mnono, hapiti, wakampaka mafuta ya zeituni mwili mzima ndipo akapenya. Masista wakamwita Esposito kama wenzake wote wa tunduni. Akaishi, akazaa watoto tisa. Nani wa kwenu alianza hivyo?"

Karani akamgeukia mume wangu. "Lazima mkubaliane nyote wawili."

Mume wangu hajawahi kumbishia mama yake hata chumvi ya mchuzi. Alisimama akimpapasa mtoto aliyemlaza begani, shingo yake ndogo bado iking'aa mafuta ya asubuhi.

"Mama," akasema hatimaye, "nishikie huyu Esposito nitie sahihi."